Ukienda Rameswaram, beba nguo kavu

Atakayejaliwa kufika hekalu la Kihindu la Ramanathaswamy, lililoko Rameswaram katika kisiwa cha Pamban, jimbo la Tamil Nadu nchini India, namsihi abebe nguo kavu za kubadilisha. Mahujaji huoga kwanza baharini, upande wa mashariki, kisha hupita kwenye visima 22 vilivyomo hekaluni, ambako wahudumu huteka maji kwa ndoo na kuwamwagia kichwani, hadi sakafu ya mawe inateleza. Aliyelowa haruhusiwi kuingia patakatifu kabla hajabadilisha nguo.

Ni vyema kukijua kisa cha hekalu hili mapema. Inasimuliwa kwamba Rama, shujaa anayeabudiwa na Wahindu, baada ya kumuua Ravana, mfalme wa mashetani, alitaka kumwabudu mungu Shiva ili atakaswe, akamtuma Hanuman, mtumishi wake mwenye umbo la nyani, hadi milima ya Himalaya akalete linga, yaani jiwe la ibada la Shiva. Hanuman alipokawia, Sita, mke wa Rama, alifinyanga linga kwa mchanga wa ufukweni, ibada ikafanyika. Hanuman aliporejea na mzigo wake alisononeka mno, naye Rama akamtuliza kwa kuagiza kwamba linga lililotoka mbali ndilo litangulie kuabudiwa, na ndivyo inavyofanyika hadi leo. Mimi hunigusa sana kwamba uchovu wa mjumbe yule haukupotea bure.

Wasio Wahindu hawaingii patakatifu, ila kumbi ndefu zenye nguzo za mawe zinatosha kumshangaza yeyote. Simu haziruhusiwi ndani. Kwa kuwa hekalu hufungwa mchana, fika alfajiri, kabla foleni ya visimani haijarefuka.