SOMO: Bima ya uwanja wa magari ya porini, anza na ukurasa wa yasiyolipwa

Wakuu, heshima kwenu. Somo hili ni la anayetaka kufungua, au tayari anaendesha, uwanja wa pikipiki za magurudumu manne, bagi (vigari vya wazi vyenye fremu ya chuma) na magari ya kupanda milima. Wengi wanachonga njia na vilima kwanza, bima inafuata siku tatu kabla ya ufunguzi. Nawaomba mgeuze mpangilio huo, maana anayeumia ni mtu aliyekuja kufurahi kwako.

Hatua ya 1: Jua nani anaweza kukudai

Chukua ramani ya uwanja, weka kidole getini, mfuate mteja. Anaegesha, anapokea helmeti, anaingia njiani, anarudi. Kila anapopita kuna mtu anayeweza kuumia: dereva, abiria, mtazamaji, mtoto aliyemfuata mzazi, fundi wako, jirani ambaye uzio wake umegongwa. Hati moja haiwabebi wote. Mfanyakazi ana bima ya ajali kazini, magari unayokodisha yana yake, na mgeni anaangukia kwenye bima ya dhima kwa umma, yaani inayomlipa mtu wa nje akiumia kwako.

Hatua ya 2: Soma yasiyolipwa kabla ya yanayolipwa

Hapa tukae kidogo. Hati nyingi za kawaida za dhima kwa umma zitamlipa mgeni aliyeteleza chooni, lakini zinamtoa “mshiriki”, yaani huyo huyo anayeendesha. Unalipia bima ya uwanja wa magari, kumbe aliye ndani ya gari hayumo.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Bagi ilibinuka polepole kwenye mteremko, abiria akatoa mkono nje kujizuia, fremu ya chuma ikamlalia kifundo cha mkono. Barua ya kampuni ya bima ilikuwa fupi, na ilitaja kifungu kimoja tu, cha washiriki wa michezo ya magari. Nilipofungua hati nilikikuta palepale kilipokuwa tangu siku ya kwanza. Matibabu ya kijana yule tuliyalipa wenyewe, na bado naumia nikikumbuka jinsi mama yake alivyoniuliza, “Si mlisema mna bima?”

Kwa hiyo muulize dalali wa bima haya, na majibu yaje kwa maandishi: Dereva na abiria wanakingwa? Siku ya mashindano inahesabiwa, au inataka hati yake? Gharama za wakili zinakatwa ndani ya kikomo cha fidia (kiasi cha juu kabisa kampuni italipa) au ziko pembeni? Mteja akimgonga mteja mwenzake, nani analipa?

Kuna swali jingine ambalo watu hulisahau: hati inaangalia tarehe ya ajali, au tarehe dai lilipoletwa? Ikiwa ni tarehe ya dai, na wewe ulihama kampuni mwaka jana, ajali ya miaka miwili iliyopita inaweza kukukuta huna pa kuegemea. Kabla ya kuhama, hakikisha kinga ya nyuma, yaani ya ajali zilizokwisha kutokea, inaendelea.

Hatua ya 3: Fomu ya kukubali hatari

Fomu hii, anayosaini mteja kabla ya kupanda, ni muhimu, lakini usiitegemee kama ukuta. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1977, biashara haiwezi kwa fomu wala kwa tangazo kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyoletwa na uzembe wake. Marekani inategemea jimbo: mengi huiheshimu fomu iliyoandikwa wazi, ila Mahakama ya Juu ya jimbo la Vermont mwaka 1995 iliikataa fomu ya kituo cha kuteleza kwenye theluji. Pata wakili anayejua sheria ya mahali ulipo.

Fomu inakusaidia kuthibitisha kwamba mtu aliambiwa. Basi zitaje hatari kwa majina: gari linaweza kubinuka, usitoe mkono nje, njia ina mawe yaliyolegea. “Hatari zozote zile” haimwambii mtu kitu. Na asaini akiwa ameketi, si kwenye foleni huku injini zinanguruma.

Hatua ya 4: Njia na watazamaji

Njia ziende upande mmoja. Helmeti na mkanda ni lazima. Mtoto apewe chombo cha umri wake. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inashauri walio chini ya miaka 16 wasipande pikipiki ya magurudumu manne ya watu wazima. Watazamaji wasimame nyuma ya kizuizi cha kweli, si utepe. Tarehe 14 Agosti 2010, kwenye mbio za California 200 jangwani, gari lilibinuka na kuwaangukia watu waliosimama karibu na njia, wanane walikufa.

Hatua ya 5: Daftari la kila asubuhi

“Saa 1:40 asubuhi, njia ya 3, jiwe limetokeza baada ya mvua, limeondolewa, picha mbili.” Halafu sahihi. Mstari kama huo ndio wakili wako atakaoushika mahakamani. Ajali ikitokea, mhudumie majeruhi kwanza, piga picha kabla ya kusogeza chochote, tunza helmeti iliyopasuka, na itaarifu bima upesi hata kama majeruhi amesema hana neno.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, wateja wangu wanakuja na magari yao yenye bima ya barabarani. Haitoshi?

Usiitegemee. Bima nyingi za barabarani hazifuati gari uwanjani. Ulaya walibishana sana: mwaka 2014, katika kesi ya Vnuk, mtu aliyeanguka baada ya trela ya trekta kugonga ngazi yake shambani Slovenia, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema bima ya lazima inafika hata nje ya barabara. Uingereza ikauondoa msimamo huo kwa sheria ya 2022. Mteja aulize kampuni yake.

Mzazi akimsainia mtoto, nimesalimika?

Hapana, ndugu. Sehemu nyingi mzazi hawezi kusaini haki ya mtoto ya kudai ikapotea, na muda wa kudai mara nyingi huanza kuhesabiwa akishakuwa mtu mzima. Fomu na daftari za watoto zitunze miaka mingi.

Mwalimu, kampuni tatu zimenikataa na ya nne inataka pesa nyingi. Nifanyeje?

Tafuta dalali aliyezoea michezo ya magari, nenda naye uwanjani, mwonyeshe daftari. Unaweza kukubali kubeba kiasi kikubwa zaidi cha hasara mwenyewe, au kusimamisha kuruka vilima na kuendesha usiku. Lakini usikifiche kilima cha kurukia ili ada ishuke. Wakigundua siku ya dai, wanaweza kuifuta hati nzima.

Nimekodi ardhi, na mwenye ardhi anataka jina lake kwenye hati yangu. Nikubali?

Kubali, ni ombi la kawaida. Ila soma na mkataba wa upangaji: kama umeahidi kumlipia hasara zote, hata za uzembe wake mwenyewe, bima yako inaweza isifike huko. Kifungu hicho kipunguzeni kabla hujasaini.