Kabla Hujanunua Kilima chenye Msitu Dodoma: Mambo ya Kuzingatia

Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma, na hasa baada ya treni ya SGR kuanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, kuna tangazo la aina moja linalozunguka sana kwenye simu za watu: kilima kizima kinauzwa, ekari mia na kitu, miti ya asili, mandhari ya kuvutia, kinafaa shamba la mbao au rizoti. Picha zake karibu zote zimepigwa kati ya Februari na Aprili. Ndipo panapoanzia kazi ya mnunuzi.

Kakague Septemba au Oktoba. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 550 hadi 600. Kinachoonekana kijani Machi, Septemba kinabaki matawi matupu na nyasi kavu, na hapo ndipo kilima kinaposema ukweli: mwinuko wake halisi, miamba, makorongo, na vijia vinavyopandisha juu ambavyo dalali alisema havipo. Usiishie kileleni kupiga picha. Zunguka mpaka wote kwa miguu, uangalie visiki. Kisiki chenye mkato wa mshazari kimekatwa kwa shoka, pengine ni mtu wa kuni za nyumbani. Kilichokatwa bapa, kikalala usawa mmoja, kimepitiwa na msumeno wa mnyororo, na mti huo uliondoka na gari. Ukikuta duara la udongo mweusi lenye vipande vya mkaa na majivu yaliyoshindiliwa na mvua, hapo palikuwa na tanuru. Yahesabu matanuru hayo. Yakiwa mengi na mapya, unauziwa kilima ambacho kimeshavunwa, na wavunaji bado wana mazoea nacho.

Hili la mbao niliseme bila kuzunguka: kwa sehemu kubwa ya Dodoma, kununua kilima kwa hesabu ya mbao ni kujidanganya. Watu wanaona misonobari ya Mufindi na Njombe, wanaona malori yanayoshuka kutoka shamba la miti la Sao Hill, kisha wanadhani kilima ni kilima. Kule mvua ni karibu mara mbili ya hapa, tena kuna ukungu na baridi. Huku miti ya asili hukua polepole mno, na ile minene iliyonyooka, mninga hasa, wenzako walishaiona zamani. Iliyobaki kwenye vilima vingi ni miti mifupi, iliyopinda, mizuri kwa kivuli na nyuki, mibovu kwa mbao. Nyanda za juu za Mpwapwa na baadhi ya sehemu za Kondoa zina unafuu wa mvua, na mtu anaweza kupanda mikaratusi ya nguzo kwenye kipande chenye udongo wa kina. Hiyo ni biashara nyingine, na haihitaji kilima chenye msitu.

Hata kama mninga upo, kuwa na hati hakukupi ruhusa ya kuukata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua miti iliyohifadhiwa, na ulinzi wake haukomi kwa sababu mti umesimama kwenye shamba la mtu binafsi. Kabla ya kuvuna utapita kwa afisa misitu wa wilaya, kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya na kwa Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Magogo yatagongwa nyundo ya alama ya ukaguzi, na safarini utahitaji hati ya kusafirishia kwenye kila kizuizi. Muuzaji akikwambia utakata miti michache urudishe pesa yako, muulize hiyo leseni atakuombea nani.

Thamani ya kweli ya kilima hiki iko kwenye upepo, kivuli, utulivu na asali. Kanda hii ya kati, kuanzia Dodoma kwenda Manyoni na Singida, ni nchi ya nyuki, na msitu uliosimama unaweza kukulipa kila mwaka bila shoka kuugusa. Ila mizinga ikae upande wa pili wa kilima, mbali na wageni wa mapumziko. Nyuki wetu hawana subira na marashi ya watu wa mjini.

Tuje kwenye karatasi, ambako pesa nyingi hupotea. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua wewe ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyopo. Swali la kwanza basi si bei. Uliza kilima hiki ni ardhi ya aina gani: ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), ya kijiji au ya hifadhi. Vilima vyenye misitu vina tabia ya kuwa hifadhi bila muuzaji kujua, au akijua na kunyamaza. Kinaweza kuwa msitu wa hifadhi wa taifa, wa halmashauri, au wa kijiji uliotengwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Chukua viwianishi vya kila kona kwa kifaa cha GPS, uvipeleke ofisi ya ardhi ya wilaya na kwa TFS, waviweke kwenye ramani zao mbele yako. Ni kazi ya siku mbili tatu, na haina mbadala.

Kikiwa ndani ya mipaka ya Jiji la Dodoma, angalia mpango kabambe wa mji umekipangia matumizi gani. Kumbuka pia historia ya hapa: hadi Mei 2017 viwanja vilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoanzishwa mwaka 1973, na hati zake zilikuwa za miaka 33. Ukionyeshwa karatasi ya CDA, usiridhike na nembo. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama ilibadilishwa, imebakiza miaka mingapi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama juu yake.

Kikiwa ardhi ya kijiji, na vilima vingi vya Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa ndivyo vilivyo, basi inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake hautoshi. Halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe, na ugawaji wa ardhi lazima upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Omba muhtasari wa mkutano huo, usome akidi na sahihi za waliohudhuria. Eneo likizidi hekta 20, sawa na karibu ekari 50, mambo hayaishii kijijini. Yanapanda wilayani, na yakiwa makubwa zaidi yanafika kwa Kamishna wa Ardhi. Hapa kuna ujanja wa kuangalia: kilima kimoja kinagawanywa kwa majina ya mke, watoto na shemeji wa muuzaji, kila mmoja ekari zake chini ya kikomo, kisha vyote vinauzwa kwa mtu mmoja siku moja. Siku kijiji kitakapobadilisha uongozi, ujanja huo utafukuliwa, na atakayeulizwa ni wewe.

Usiisahau familia. Mali ya ukoo haiuzwi na kaka mmoja mwenye haraka. Kama baba alifariki, muuzaji aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kama ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi na yeye mwenyewe awepo siku ya kusaini. Na kama mnunuzi si raia wa Tanzania, njia ya kupata ardhi ni ya uwekezaji tu. Kuandikisha kwa jina la rafiki ni kumkabidhi rafiki kilima.

Mipaka nayo ina shida yake. Mikataba ya zamani huandikwa hivi: kuanzia kwenye mbuyu mkubwa, kufuata korongo, hadi kwenye jiwe jeupe. Korongo huhama kwa mafuriko ya mwaka mmoja, na mibuyu mikubwa iko mitatu. Siku ya kupima, waite majirani wote wa kuzunguka na mtendaji wa kijiji, kila mmoja asimame mpakani kwake na asaini. Chakula cha watu hao ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kesi kwenye baraza la ardhi.

Halafu ongea na wazee bila dalali kuwepo. Waulize kilima kinaitwaje na kwa nini. Uliza kama kuna makaburi, kama kuna mahali pa matambiko ya mvua, kama kuna chemchemi ambayo akina mama huchota maji Oktoba, na mifugo hupandia wapi malisho yakiisha bondeni. Mambo haya hayamo kwenye ramani yoyote, lakini ndiyo yatakayoamua kama utaishi kwa amani. Ukifunga njia ya ng'ombe kwa seng'enge bila kukubaliana na wenyewe, seng'enge hiyo itakuwa imeng'olewa kabla hujamaliza kujenga jiko. Upande wa Kondoa angalia pia mapango na kuta za mawe. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na michoro ya namna hiyo inalindwa na sheria ya mambo ya kale. Ukikuta michoro myekundu chini ya mwamba, toa taarifa kwa wahusika kabla ya kuwaza kuweka meza ya chai hapo.

Chini ya ardhi kuna mwenye mali mwingine. Madini ni ya taifa, na leseni ya uchimbaji inaweza kutolewa juu ya ardhi yenye hati yako. Si jambo la kufikirika tu: Haneti, kaskazini mwa jiji, inajulikana kwa vito vya krisopresi, na vilima vyenye mawe karibu na mji huvutia wapasua kokoto. Ulizia kwenye ofisi ya madini kama kuna leseni au maombi juu ya eneo hilo.

Maji ndiyo yanayoua ndoto nyingi za rizoti. Juu ya kilima cha mwamba, kisima kirefu ni bahati nasibu. Kwa kawaida utachimba bondeni, kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, na baadhi ya visima vya Dodoma hutoa maji ya chumvi, kwa hiyo yapimwe maabara kabla hujalipia pampu. Kisha yapandishwe. Kila mita 10 za mwinuko huongeza karibu bar moja ya shinikizo. Kileleni pakiwa mita 150 juu ya kisima, bomba la PN 10, yaani la kuhimili bar 10, linaweza kupasuka huko chini, na pampu ndogo ya sola itazunguka bure. Maji ya mvua yanasaidia, ila piga hesabu kwanza. Bati la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 500 ni lita 50,000 kwenye karatasi, tuseme 40,000 zitakazofika kwenye tangi. Watu wanane wakitumia lita 60 kila mmoja kwa siku, yanakwisha kabla ya miezi mitatu kutimia, na kiangazi chetu ni miezi saba. Ongeza bati, ongeza matangi, au punguza wageni.

Barabara iangalie mara mbili, kiangazi na masika. Uliza pia inapita kwenye mashamba ya nani. Njia ya kukubaliana kwa mdomo hufungwa siku jirani anapouza, kwa hiyo haki ya njia iandikwe na ipimwe pamoja na kilima. Barabara ya kijijini inaweza kuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ile ya kupanda kwako ni juu yako, pamoja na mitaro yake. Waliokata barabara moja kwa moja kupandisha mteremko, bila kona, walijitengenezea korongo, na Kondoa kuna mifano ya makorongo ya kutosha kumtisha mtu yeyote.

Moto huja kila mwaka, kati ya Juni na Novemba, na hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto lake linatangulia kukausha nyasi za juu. Kinga moto ilimwe kuzunguka kilima mara mvua zinapokatika, kabla nyasi hazijakauka. Vibanda vya nyasi kileleni vinapendeza kwenye picha. Binafsi ningeezeka bati au vigae, maana nyasi hushika moto na wala hazivuni maji vizuri.

Mradi wa mapumziko kwenye eneo la namna hii ulizie mapema NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na usijenge ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Malipo yafanyike kwa awamu kupitia benki, wakili wako, si wa muuzaji, akishuhudia, na sehemu nene ibaki hadi uhamisho usajiliwe. Andikeni kabisa nani analipa kodi na ushuru wa stempu. Awamu ya kwanza ikishalipwa, ajiri mlinzi siku hiyo hiyo, tena mtu wa kijiji hicho hicho anayeheshimika, kwa sababu habari za kilima kuuzwa hufika kwa wachoma mkaa kabla hati haijafika masijala. Mpe buti, tochi, vocha ya simu na namba ya mtendaji.