Rangi ya mwanga na majani ya ziwani: hesabu vipovu mwenyewe

Hili jaribio ni la kuona rangi gani ya mwanga inaufanya mmea utengeneze chakula chake haraka zaidi, tunajua kwa kuhesabu vipovu vya oksijeni unavyotoa. Unalifanya mezani jioni umeme ukiwepo, dakika tisini zinatosha. Mi nalifanyaga na vijana wa fom tuu hapa Kigoma mpaka nishajua linaharibikia wapi.

Hatua ya 1: tafuta yale majani yanayoota ndani ya maji kabisa, siyo yanayoelea. Yananasaga kwenye nyavu, kwa hiyo nenda Kibirizi asubuhi umwombe mvuvi akuwekee kwenye ndoo, usizame mwenyewe kuyang'oa maana konokono wa kichocho wanakaa humohumo.

Hatua ya 2: maji ya ziwa lita moja kwenye chupa ya kioo, tia robo kijiko cha chai cha bekingi soda ili mmea upate kabonidayoksaidi ya kutosha. Soda jamani, SIYO bekingi poda!! Poda ina asidi ndani yake ikigusa maji inatoa povu yenyewe, mi nshawahi kukaa nahesabu vipovu vya poda usiku mzima nafurahi.

Hatua ya 3: kata shina kwa wembe likiwa ndani ya maji, urefu wa kidole, ncha uliyokata iangalie juu, huku chini funga kijiwe kwa uzi. Weka taa ya LED nyeupe sentimita 20 kutoka kwenye chupa na usiisogeze tena, taa zingine zima. Zile balbu za zamani zinazounguza achana nazo, maji yakipata moto hewa iliyomo inatoka yenyewe na mmea nao unabadili spidi, unajikuta umepima joto. Subiri, vipovu vitaanza kupanda kimojakimoja toka kwenye ncha.

Hatua ya 4: hesabu kwanza kwa mwanga mweupe, afu zungushia chupa nailoni ya kufungia zawadi (soko la Mwanga hapa Kigoma zipo), nyekundu, bluu, kijani. Kila rangi subiri dakika 5, hesabu dakika moja mara tatu, chukua wastani. Mwisho rudia nyeupe, ikishuka sana kuliko ya mwanzo ujue shina limechoka, tupa namba zote uanze upya.

Kijani kitashika mkia ila usitegemee sifuri. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inafyonza zaidi bluu (urefu wa wimbi nanomita 430 hivi) na nyekundu (660 hivi), kijani inakifyonza kidogo, kinarudishwa kuliko hizo mbili ndo maana jani tunaliona hivyo, ila kingine kinaingia ndani ya jani na kinatumika. Mjerumani Engelmann aliliona hili 1882 kwa bakteria wanaopenda oksijeni, walijazana pale mmea ulipopigwa na nyekundu na bluu.

Kuna wanaolinganisha nailoni kwa programu ya simu ya kupima mwanga, afadhali kuliko kukisia, ila laksi (kipimo cha mwanga cha hiyo programu) inapima kama jicho la mtu na jicho linaona kijani vizuri kuliko bluu, sa ukizifanya rangi zote ziwe na laksi sawa kijani kinapunjwa, kinapata mwanga kidogo kuliko bluu.

Na bluu ikipigwa vibaya na nyekundu usikimbilie kulaumu mmea, nailoni za bluu huwa nzito, ongeza nyekundu iwe mbili uhesabu tena.