Kula Samaki kwa Wenyeji Kisumu: Kibanda, Samaki na Upishi wa Kuchagua

Ukitaka samaki mzuri Kisumu, tafuta mahali ambapo mwenye mali ndiye anayeshika mwiko. Hoteli ndogo na vibanda vya namna hiyo vimejaa mji huu, kuanzia ufuo wa Dunga kwenye Ziwa Victoria hadi soko la Kibuye na mitaa ya Kondele na Nyalenda, na wengi wa wenyewe ni akina mama wenyeji wanaonunua samaki wao wenyewe alfajiri, mitumbwi ikiingia. Pesa yako ikiingia mfukoni mwa mama huyo, umelipia samaki na umelipia pia jicho lililomchagua. Kwenye hoteli kubwa za mjini samaki hupitia mikono mingi kabla ya kufika sahanini, na ukiuliza ametoka wapi, mhudumu mara nyingi hana jibu.

Kanuni ya kwanza, na ndiyo inayobeba zingine zote: samaki huchaguliwa akiwa mbichi, na bei hukatwa akiwa mbichi. Usikae mezani kungoja kuletewa. Nenda pale kwenye beseni la samaki wabichi.

Saa ya kufika

Nyavu za ngege (tilapia) hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa hiyo samaki wengi hufika ufuoni asubuhi. Dunga iko kusini mwa mji, na boda boda kutoka katikati ya mji hukufikisha kwa muda mfupi. Ukifika kati ya saa tatu na saa tano asubuhi unakuta wa leo wangali na utelezi wao. Ukifika saa nane mchana, wakubwa wameshachukuliwa na waliobaki wamelala kwenye barafu, au hawana barafu kabisa. Jumapili baada ya ibada watu hujaa. Agiza kabla ya saa sita au ujiandae kungoja zaidi ya saa nzima. Jumapili hiyohiyo ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, na wanaopenda kula katikati ya wachuuzi huenda huko.

Kabla hujatoka, uliza hali ya gugu maji. Upepo ukilisukuma ndani ya Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, mitumbwi hushindwa kutoka au kutia nanga, samaki huadimika na bei hupanda. Siku kama hizo ndipo samaki wa friji huuzwa kwa jina la samaki wa ziwa. Omena (dagaa) nao wana kalenda yao: uvuvi wao hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupata wachache, kwa sababu omena huvutwa kwa mwanga wa taa na taa haishindani na mwezi. Ukiuziwa omena "wa jana" mwezi wa Mei, jua kuna maelezo yanayokosekana.

Kumjua samaki

Ngege ndiye anayeagizwa zaidi. Ngege wa asili wa ziwa hili amekuwa adimu. Anayeuzwa leo kwa jina hilo kwa kawaida ni nyamami, yaani tilapia wa Nile. Mtu mmoja mwenye njaa hutosheka na samaki wa gramu 500 hadi 700 akiwa mzima. Chini ya gramu 400 utakula miiba kuliko nyama.

Mkague hivi. Jicho liwe angavu na limetuna. Lililozama na kuwa na ukungu ni la samaki wa siku kadhaa, au aliyegandishwa akayeyushwa. Inua kifuniko cha shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia wala ya kijivu. Bonyeza mgongoni kwa kidole. Nyama inyanyuke mara moja. Alama ya kidole ikibaki, rudisha samaki. Tumbo liwe gumu, kwa maana matumbo ndiyo huoza kwanza, na tumbo laini lililopasuka linakuambia hali ya ndani kabla hujapasua. Mwisho mnuse karibu na matamvua. Samaki wa leo hunukia maji ya ziwa.

Uliza pia kama ni wa ziwa au wa kufugwa kwenye keji, yaani vizimba vya nyavu majini. Wa keji si vibaya hata kidogo, ila huwa na mafuta mengi tumboni, na beseni lake utaliona limejaa samaki waliolingana ukubwa. Anayekuambia ukweli juu ya hilo bila kuzungukazunguka ndiye wa kurudi kwake.

Mkiwa kundi la watu sita, chukueni mbuta (sangara) mmoja wa kilo 3 au zaidi kidogo badala ya ngege sita. Kichwa na mifupa vikitoka, nyama hubaki karibu nusu ya uzito. Miiba yake ni mikubwa na hutoka kwa urahisi, kwa hiyo watoto hula bila hofu. Kataa mbuta mdogo: sheria hairuhusu avuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na kila anayemnunua anawanyima wavuvi samaki wa mwaka ujao.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

"Habari ya asubuhi, mama. Ngege wa leo wako?"

"Wako, karibu. Njoo uangalie."

"Huyu wa kando ni pesa ngapi, pamoja na kupikiwa na ugali?"

Maneno "pamoja na kupikiwa na ugali" usiyasahau. Wengine hutaja bei ya samaki peke yake, kisha mafuta, ugali na mboga huongezwa mwishoni na mnaanza kutazamana vibaya. Kupunguziwa bei kunakubalika. Kupunguza hadi nusu ni kumvunjia heshima mtu aliyetoka nyumbani usiku kumfuata samaki huyo.

Akaangwe vipi?

Ubaoni utaona "dry fry" (wa kukaangwa mkavu), "wet fry" (wa mchuzi) na wa kuchemshwa. Tofauti ni kubwa kuliko mchuzi.

Wa kukaangwa mkavu hutolewa magamba, matumbo na matamvua, hukatwa mikato mitatu kila upande hadi kufika mfupa, hupakwa chumvi hadi ndani ya mikato, kisha huachwa dakika 10 hadi 15 achuruzike maji. Hatua hiyo ya kuchuruzika ndiyo inayorukwa wateja wakiwa wengi, na matokeo huonekana: maji hupoza mafuta, ngozi hunata kwenye karai na samaki hutoka amechunika. Mafuta yafike angalau nusu ya unene wa samaki na yawe moto kiasi kwamba punje ya unga ikidondoshwa inachemka papo hapo. Samaki wa gramu 600 anataka dakika 7 hadi 8 kila upande na kugeuzwa mara moja tu. Tazama rangi ya mafuta kabla ya kuagiza. Yakiwa meusi na yenye povu zito, yamekaangia tangu jana na yatakuachia uchungu kooni. Na samaki aliyefunikwa unga mwingi, jiulize unga huo unaficha nini.

Wa mchuzi hukaangwa kwanza lakini asiive kabisa, afike kama theluthi mbili. Kisha kitunguu kimoja kikubwa, nyanya tatu au nne zilizoiva, chumvi na nusu kikombe cha maji; samaki huingizwa, hufunikwa na kutokota dakika 8 hadi 10 bila kukorogwa, dhania ikiwekwa mwishoni. Hapa ndipo wateja wengi huchezewa. Samaki aliyekaangwa jana akawa mkavu kama ubao hurudishwa kwenye mchuzi wa leo. Utamjua ukimfungua: nyama hutoka nyuzinyuzi, nje mchuzi, ndani kame. Saa yako nayo ni shahidi. Samaki aliyechaguliwa mbichi huchukua dakika 30 hadi 45 mpaka afike mezani. Akija baada ya dakika kumi, alikuwa ameshapikwa.

Wa kuchemshwa hapitii mafuta kabisa, ni nyanya, kitunguu, chumvi na moto mdogo, na pengine ndimu. Hana pa kujificha. Mama anayekushauri mwenyewe umchukue wa kuchemshwa anaiamini bidhaa yake, na ushauri huo ufuate.

Ugali ulizia ule wa mtama au wa muhogo na wimbi kabla ya kukubali mweupe; hauwi tayari kila siku. Mboga zina mwendo wake. Mgagani na mnavu huchemshwa polepole na kuongezwa maziwa ili uchungu utulie, kwa hiyo zilizolala na maziwa usiku mmoja ni tamu kuliko za leo. Mlenda hupikwa kwa magadi na huenda vizuri na samaki mkavu; ukiuweka pamoja na samaki wa mchuzi, sahani nzima inateleza.

Mgongo wazi

Wageni wengi hupita bila kuuonja. Viwanda vya samaki huondoa minofu ya mbuta kwa ajili ya kuuza nje ya nchi, na kinachobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo, hununuliwa na akina mama wa mitaa kama Obunga, wakakaanga na kuuza. Ndicho kitoweo cha familia nyingi ambazo ziko kilomita chache kutoka ziwani lakini hazimudu samaki mzima. Ununue ukiwa moto kutoka kwenye karai, uwe mkavu kiasi cha kuvunjika kwa mkono. Uliokaa juani bila kufunikwa uache. Nyama tamu iko shavuni na nyuma ya kichwa, anza hapo.

Usafi na malipo

Angalia kama kuna maji ya kutiririka na sabuni mahali pa kunawa, maana utakula kwa mkono. Kachumbari omba ikatwe mbele yako. Wapishi wanatakiwa kupimwa afya kila miezi 6, na vyeti hivyo mara nyingi hutundikwa ukutani. Kusoma tarehe si ukorofi. Ukilipa kwa M-Pesa, ngoja jina litokee kwenye simu na umuulize mwenyewe kama ni lake kabla ya kukamilisha malipo, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa pesa inaenda kwa mtu mwingine.

Ukitaka kubeba

Samaki wa safari ya Nakuru au Nairobi awe wa kukaangwa mkavu, na mwambie mpishi tangu mwanzo kwamba ni wa safari ili amkaushe zaidi. Muache apoe kabisa, hata kama ni saa nzima, kabla ya kumfunga. Akifungwa moto, mvuke hugeuka maji, ngozi hulainika na kufika Naivasha ameanza kuchacha. Mfunge kwa karatasi za kaki kisha umweke kwenye kikapu chenye upepo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo njoo na kikapu chako. Ukifika, mpashe moto kwenye sufuria kavu bila mafuta, au mtie mchuzi siku hiyohiyo.