Kurasa Zilizopotea na Linki Zilizokufa Kwenye Tovuti ya Biashara

Mteja wa spea akibofya linki ya betri kwenye tovuti ya duka la Kirinyaga Road na kupata 404, yaani jibu la seva kwamba ukurasa haupatikani, bei ataiulizia kwingine. Ndiyo maana kazi ya kurekebisha linki zilizokufa haifai kungoja lalamiko.

Anza na ripoti ya kurasa katika Google Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti. Humo kuna orodha ya anwani ambazo Google ilizitafuta ikazikosa. Linki za ndani ya tovuti zikague kwa Screaming Frog, programu inayopitia kurasa na linki za tovuti. Toleo la bure hupitia hadi anwani 500, na maduka mengi madogo hayafiki hapo.

Kisha amua hatima ya kila anwani peke yake. Ukurasa uliohama uelekeze kwenye anwani mpya kwa msimbo wa 301, yaani umehama kabisa. 302 ni ya muda tu. Kwenye WordPress tumia programu-jalizi ya Redirection. Kwenye seva ya Apache, andika ndani ya faili la mipangilio liitwalo .htaccess:

Redirect 301 /betri-n70 /betri/n70

Hapa wengi hujikwaa. Amri hii hushika pia kila anwani iliyo chini ya ile ya kwanza. Ukiandika /betri kwenda /betri/n70, seva itazunguka bila kufika, na kivinjari kitakata tamaa. Katika hali hiyo andika hivi, ili ishikwe /betri yenyewe tu:

RedirectMatch 301 ^/betri$ /betri/n70

Bidhaa iliyokwisha na isiyo na mbadala iache itoe 404, au 410 ukitaka kusema wazi kwamba haitarudi. Tafadhali usirundike anwani zote zilizokufa kwenye ukurasa wa mwanzo: mteja hatajua betri yake iko wapi, na Google huihesabu hatua hiyo kuwa 404 iliyofichwa.

Linki za ndani zirekebishe zenyewe, zisitegemee 301. Maelekezo ya zamani yakielekea kwenye maelekezo mengine, yafupishe yafike moja kwa moja, kisha yadumishe kwa angalau mwaka 1.

Picha ikionekana kwenye kompyuta yako lakini si kwenye seva, angalia herufi: seva za Linux huona N70.JPG na n70.jpg kuwa faili mbili tofauti.

Ukurasa wa 404 wenyewe uwe mwepesi, uwe na kisanduku cha kutafutia, aina za bidhaa na linki ya WhatsApp. Kwenye linki hiyo, baada ya wa.me/ andika 254 na tarakimu 9 za namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo.

Jaribu kila badiliko kwa curl -I, amri ya terminal inayoonyesha jibu la seva, kwa sababu kivinjari hukumbuka 301 ya zamani na kitakudanganya.