Somo: kupima laktulosi na manitoli kwenye mkojo kwa standadi za kaboni 13

Wakuu, somo hili ni la wale mnaofanya kile kipimo cha utumbo kwa watoto, mtoto anakunywa maji yenye laktulosi na manitoli afu mnakusanya mkojo wa masaa matano. Ndo kipimo walichotumia MAL-ED (ule utafiti wa nchi kadhaa kuhusu maambukizi ya utumbo na utapiamlo wa watoto), na Haydom kwetu Tanzania ilikuwa mojawapo ya vituo. Manitoli ni ndogo inapita utumbo kirahisi, laktulosi ni kubwa haitakiwi kupita, ukiikuta nyingi kwenye mkojo ujue kuta za utumbo zimelegea.

Shida ni mkojo wenyewe. Una chumvi, urea na mazagazaga kibao yanayofifisha sukari kwenye mashine ya masi (inayotambua molekuli kwa uzito wake), na kila mtoto mkojo wake unafifisha kivyake, kwa hiyo piki (ule mlima kwenye grafu ya mashine) ikiwa ndogo haimaanishi sukari ni ndogo. Ndo maana tunaweka sukari ileile iliyotengenezwa kwa kaboni 13 (kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida), hii ndo tunaiita standadi: ya mtoto ikipotea na hii inapotea, ikififishwa na hii inafifishwa, ila mashine inazitofautisha kwa uzito.

Hatua ya 1. Nunua standadi ambayo kaboni zake zote ni kaboni 13. Manitoli ya kawaida ni 182, ya kaboni 13 sita ni 188. Laktulosi 342, yenye kumi na mbili ni 354. Usichukue ya kaboni moja kwa sababu ya bei, kaboni 13 ya asili ni kama asilimia 1.1 kwa hiyo manitoli ya kawaida yenyewe inatoa 6 hadi 7 kwa mia kwenye ule uzito wa juu yake kwa moja, vitaingiliana.

Hatua ya 2. Chupa ya poda ikitoka freeza iache ifikie joto la chumba ndo ufungue, sukari inavuta unyevu. Yeyusha, gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha.

Hatua ya 3, na hapa naomba tuelewane kabisa. Standadi inaingia KABLA ya kitu kingine chochote. Yeyusha mkojo, tikisa vizuri, chukua mikrolita 100, weka mikrolita 20 za standadi (mfano miligramu 500 kwa lita), tikisa tena. Ukiiweka baada ya sentrifuji ushapoteza faida yote, maana kilichopotea kabla yake haikijui.

Hatua ya 4. Asetonitrili mikrolita 480, tikisa, sentrifuji, chukua maji ya juu. Pitisha kwenye kolamu (mrija unaotenganisha sukari kwa muda wa kutoka) ya amaidi, na amonia kidogo kwenye maji ya kusukumia, bila hiyo laktulosi inaweza kutoa piki mbili au iliyotanuka. Mashine iwe hali hasi (molekuli inapoteza protoni moja, ndo maana 342 inakuwa 341, na namba ya pili ni kipande chake ikivunjwa): laktulosi 341 kwenda 161, standadi yake 353 kwenda 167.

Hatua ya 5. Gawanya piki ya mtoto kwa piki ya standadi. Tuseme umepata 0.8. Uliweka mikrogramu 10, kwa hiyo kuna 8 ndani ya mikrolita 100, yaani miligramu 80 kwa lita. Mkojo wote ukiwa mililita 120 ni miligramu 9.6, na kama alikunywa gramu 5 hiyo ni kama asilimia 0.19. Kalibresheni bado fanya, usiamini tu kwamba zinajibu sawasawa.

MASWALI

Swali: Mkuu, hiyo kaboni 13 si mionzi? Wazazi wataniuliza.
Jibu: Hapana dada, haina mionzi kabisa, ipo hata kwenye ugali tunaokula. Na hii ya standadi mtoto haimezi, inaingia maabara tu.

Swali: Mkojo ulikaa juani masaa mengi kabla ya kufika kwetu, standadi si itarekebisha?
Jibu: Hairekebishi kaka. Bakteria wameshakula sukari kabla standadi haijaingia. Weka klorheksidini (dawa ya kuua bakteria) kwenye chombo cha kukusanyia tangu mwanzo, na gandisha mapema.

Swali: Watoto wangu wananyonya, naona piki pembeni ya laktulosi yenye uzito uleule.
Jibu: Angalia laktosi ya maziwa, na sukari ya mezani pia ni 342. Uzito hauzitenganishi na standadi haikuokoi hapo, ni kolamu tu. Manitoli na sobitoli nazo hivyohivyo. Piga kila moja peke yake ujue inatoka dakika ya ngapi, na kama hazijaachana rekebisha kolamu kabla hujapima sampuli hata moja.

Swali: Sisi mtoto anakunywa manitoli ya kaboni 13 yenyewe, maana ya kawaida inatoka hata kwenye vyakula na dawa. Standadi niweke gani?
Jibu: Basi ile ya kaboni 13 sita angalia isigongane na ya kunywa, chukua yenye diuteri (hidrojeni nzito) iliyoshikwa kwenye kaboni, siyo kwenye hidroksili maana hiyo inabadilishana na maji. Inaweza kutoka kwa muda tofauti kidogo na ya kawaida, kwa hiyo panua dirisha la muda. Na piga standadi peke yake kwanza uone kama kuna chochote kwenye chaneli (zile namba za uzito) ya sukari unayoipima.