Namna ya Kuisoma Zaburi Kila Siku kwa Faraja na Ibada

Wengi wetu hapa Dar es Salaam huifungua Zaburi tunapobanwa: kodi ya nyumba imefika, mgonjwa amelazwa, au biashara imesimama. Tunaitafuta ile ya 23, ya 91 au ya 121, tunaisoma upesi, kisha tunaifunga Biblia mpaka shida nyingine itakapobisha hodi. Sisemi kwamba ni kosa, maana Mungu husikia hata kilio cha dharura. Ila anayetaka kutiwa moyo siku kwa siku imempasa aisome Zaburi yote kwa mpangilio wake, pamoja na zile ambazo asingezichagua mwenyewe.

Anza na Zaburi ya 1 na usome moja kila siku. Jumla yake ni 150, nazo zimepangwa katika vitabu vitano. Vinne vya kwanza vinaishia kwenye Zaburi ya 41, ya 72, ya 89 na ya 106, na kila kimoja hufungwa kwa maneno ya kumhimidi Mungu, kana kwamba msafiri anawekewa kituo cha kupumzika. Ile ya 119, yenye mistari 176, isikutishe, kwa sababu imegawanyika katika mafungu 22 ya mistari minane minane kwa kufuata herufi za Kiebrania, hivyo soma fungu moja kwa siku. Kwa hesabu hiyo utaimaliza Zaburi yote kwa siku 171. Ukikosa siku moja, endelea pale ulipoishia, wala usijilazimishe kulipa deni.

Kwa mkazi wa Mbagala au Kimara anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi usafiri, ushauri wa kutenga saa nzima haumsaidii. Dakika kumi zinatosha, mradi ziwe kabla hujafungua ujumbe wowote kwenye simu, kwa kuwa akili iliyokwisha kupokea habari za madeni na za vikundi vya harusi huwa nzito kutulia. Ukiwa ndani ya mwendokasi unaweza kuirudia Zaburi ile ile kimoyomoyo, lakini usomaji wa kwanza ufanyike nyumbani na ufanyike kwa sauti, hata ikiwa ni ya kunong'ona ili usiwaamshe watoto.

Sauti ina sababu yake. Zaburi ni nyimbo na sala, na ushairi wa Kiebrania hujengwa kwa vipande viwili vinavyoitikiana. Sisi tuliolelewa na mashairi ya Kiswahili tumezoea vina vya sauti. Humo kuna kitu kama vina vya maana. Tazama Zaburi ya 103: "Hakututenda sawasawa na hatia zetu, wala hakutulipa kwa kadiri ya maovu yetu." Ukisoma kwa macho tu utaona kwamba jambo moja limesemwa mara mbili, na utaruka. Ukilitamka, ukavuta pumzi katikati, kipande cha pili kitaingia mahali ambapo cha kwanza kiliishia mlangoni. Ukikutana na neno "Sela", nyamaza kidogo. Wataalamu hawajakubaliana juu ya maana yake, lakini wengi huliona kuwa alama ya kutua, na kutua kunamfaa kila msomaji.

Baada ya hapo chagua mstari mmoja uliokugusa, uuandike kwenye karatasi, kisha umgeuzie Mungu kwa maneno yako mwenyewe. Hapa ndipo usomaji unapokuwa ibada. Lugha ya Biblia ya mwaka 1952 ikikupa taabu, linganisha na tafsiri ya Habari Njema, kisha urudi kwenye ile unayoipenda.

Sasa niseme juu ya Zaburi za maombolezo, ambazo wengi huziruka wakidhani zitawavunja moyo. Baba yangu mdogo alipolazwa, nilikesha nje ya wodi kwenye benchi la mbao, na zamu ya siku hiyo ilikuwa Zaburi ya 13. Nilitaka kuihama nitafute yenye matumaini. Nikaisoma hivyo hivyo: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Neno "hata lini" limo mara nne katika mistari miwili ya mwanzo, na nilipofika la nne nilikuwa nalia, kwa kuwa ndilo swali lililokuwa kifuani mwangu tangu jioni nami niliogopa kulitamka mbele za Mungu. Mistari miwili inayofuata inaomba, na miwili ya mwisho inasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hali ya mgonjwa ilikuwa vile vile, lakini sikuwa tena peke yangu kwenye lile benchi. Hata Zaburi ya 88, ambayo inaisha gizani bila neno la faraja, bado inaelekezwa kwa Mungu, na kwangu mimi huko kuendelea kusema naye ndiko imani yenyewe.

Jambo moja naliomba kwa upendo. Wapo wanaoiacha Biblia wazi kwenye Zaburi ya 91 juu ya mto kama kinga, na wapo wanaosoma ya 35 au ya 109, zinazomwomba Mungu awaadhibu adui, huku wakimtaja jirani. Kumbuka kwamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, Ibilisi mwenyewe aliinukuu Zaburi ya 91 ili amjaribu Yesu. Maneno hayo yanamtaka mtu amtegemee Mungu, wala si dawa ya kutundika mlangoni. Na ile hasira ya Zaburi ya 109 imeletwa mbele za Mungu ili imalizwe na yeye, nawe uondoke ukiwa umeitua.

Jioni, mkiisha kula, chukueni Zaburi moja kwa ajili ya nyumba nzima. Ya 4 inafaa kwa kulala. Lakini kwa kuanzia ningewashauri ile ya 136, yenye mistari 26 ambayo kila mmoja huishia kwa "kwa maana fadhili zake ni za milele". Mmoja asome mwanzo wa mstari na wengine waitikie. Nyumbani kwetu tuliisoma hivyo usiku mmoja umeme ulipokatika, kwa mwanga wa simu ya mama yao, na mtoto wetu wa mwisho, ambaye hajui hata herufi moja, kufikia mstari wa tano alikuwa anaitikia kabla yetu sote.